SHAURI LA PASTA: Soma karatasi yote ya asiransi mbele ya safari



Mwezi wa saba unakaribia, masomo yanafungwa, na katika nyumba nyingi masanduku yameshushwa juu ya kabati. Wengine watavuka Kasumbalesa na motokari kwenda kutembea Ndola ao Livingstone. Wengine, si wengi, wameitwa na watoto wao walio Ulaya ili waone wajukuu. Wanakuja kwangu niwaombee safari, na ninaomba kwa furaha. Lakini mbele ya kuomba ninauliza: "Karatasi yako ya asiransi iko wapi? Uniletee niisome." Mzee mmoja alicheka, akaniambia: "Pasta, sasa weye uko mutu wa Mungu ao mutu wa asiransi?" Mwezi huu nataka kumjibu yeye na wengine wote wanaocheka.

Sisi tuliokomaa katika kambi za wafanyakazi hatukujifunza neno asiransi, ama bima, nyumbani kwetu. Baba alikuwa Gécamines. Mtoto akishikwa na homa, mama alimbeba mpaka hospitali ya kampuni na kadi ya baba, na hakuna aliyetuomba hata likuta moja. Ilikuwa vile tangu wakati wa Union Minière: nyumba, masomo, posho, dawa, hata sanduku la maiti, vyote vilitoka kwa kampuni. Kisha kampuni ikaregea. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi waliondoka kwa mpango ule wa "départs volontaires", na jamaa nyingi zikaelewa kwamba kadi ya hospitali imekufa pamoja na kazi. Leo makampuni mapya ya shaba na kobalti yanatunza wafanyakazi wao, na wengi wenu mna kadi tena. Lakini kwa kawaida kadi ile inaishia kwenye hospitali ambazo kampuni imepatana nazo. Uliza ofisi ya wafanyakazi: nikiugua Zambia, nikiugua Dar es Salaam, kadi hii inafanya kazi? Wakijibu ndiyo, waombe waandike.

Asiransi ya safari si kitu cha ajabu. Watu wengi wanalipa kidogo, na yule anayepatwa na mashaka analipiwa. Tunafanya vile katika kilio: kila nyumba inatia franga zake katika kikapo, ijapokuwa aliyekufa ni wa nyumba moja. Tofauti ni hii: katika kikapo tunakujua, hatukuombi karatasi. Kampuni ya asiransi haikujui. Inajua tu maneno uliyoyaandika na maneno yaliyoandikwa katika mapatano.

Kuna wanaosema kwamba kulipa asiransi ni kukosa imani. Wanisamehe, lakini wasome tena Luka sura ya 10. Mtu yule alikuwa safarini toka Yerusalema kwenda Yeriko. Alipigwa, akaachwa nusu mfu. Msamaria hakumwombea tu. Alimpeleka katika nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, tena akaahidi kulipa yote yatakayozidi. Aliyeumizwa barabarani anahitaji kulazwa, na kulazwa kuna bei, na lazima mtu ailipe. Mimi sioni zambi ya kufikiri bei ile mbele ya kuondoka.

Sasa nitawaeleza kwa nini ninaomba kusoma karatasi.

Mwaka 2017 mama mmoja wa kanisa letu, mjane wa mfanyakazi wa zamani, aliitwa na binti yake huko Liège, Ubelgiji. Binti alikuwa amezaa mtoto wa kwanza. Mama hajawahi kutoka Katanga. Faili lake la viza lilitengenezwa na kijana mmoja wa mjini, wale wanaojua kupanga makaratasi. Siku ya Mungu moja, kati ya ibada ya kwanza na ya pili, mama akaniletea karatasi. Akasema: "Pasta, unisomee hii, ni Kifaransa cha kidogo-kidogo, macho haione." Nikasoma ukurasa wa kwanza. Jina lake, sawa. Tarehe ya kwenda na ya kurudi, sawa. Euro 30.000, sawa. Neno Schengen, sawa. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba. Nikamrudishia, nikamwambia: "Mama, iko muzuri, enda na amani."

Kulikuwa na kurasa zingine nyuma. Sikuzifungua.

Kijana yule, wakati wa kujaza fomu, alikuta maswali juu ya afya: una ugonjwa wa moyo? una ugonjwa wa sukari? una tansio, yaani damu kupanda? unakunywa dawa kila siku? Aliandika "non" pote. Kwake ilikuwa njia ya kusaidia; alizani "oui" moja itaharibu faili. Mama hakujua hata kama aliulizwa. Lakini mama alikuwa anakunywa dawa ya tansio tangu miaka tisa.

Juma la tatu kule Liège, asubuhi, mkono wake wa kuume ulilegea, kikombe kikaanguka, na maneno yakakataa kutoka. Waliita ambilansi, wakamfikisha hospitali mbio, na kwa neema ya Mungu aliishi. Munganga akamwuliza binti: mama yako alikuwa na tansio? Binti akasema kweli, na alifanya vema, kwa maana munganga hawezi kutunza uongo. Kampuni ya asiransi ikaomba ripoti ya munganga, ikalinganisha na fomu, kisha ikaandika barua fupi: ugonjwa ulikuwako mbele ya safari na ulifichwa, hatutalipa. Na sheria ilikuwa upande wao.

Deni likaangukia binti na bwana wake. Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto anapokualika Ubelgiji na kuweka saini kwenye karatasi inayoitwa "prise en charge", anaahidi mbele ya serikali ya Ubelgiji kwamba atalipa gharama za kukaa kwako, za matunzo ya hospitali na za kukurudisha nyumbani ikiwa wewe huna uwezo. Si karatasi ya heshima tu. Wale watoto walilipa kidogo kidogo mpaka mwaka 2021. Mama alirudi mwezi wa kumi na mbili 2017 katika kiti cha magurudumu. Tiketi mpya alinunuliwa na kikapo cha kanisa na cha jamaa.

Anaketi kwenye benchi la pili, upande wa wamama. Ananisalimia kwa mkono wa kushoto. Hajanilaumu hata siku moja.

Kwa hiyo, msomaji, nakuomba usome pamoja nami.

Viza ya nchi za Schengen (leo ni nchi 29) inakuomba asiransi. Sheria yao ya viza ya mwaka 2009, katika kifungu cha 15, inasema kwamba asiransi ifikishe angalau euro 30.000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen na siku zote za kukaa kwako, tena ilipe matunzo ya haraka, kulazwa kwa ghafula, na kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa ao kifo. Uingereza haimo katika nchi hizo. Kama utatoka Bruseli kumsalimia ndugu yako London, uliza asiransi nyingine. Kwa desturi unaitafuta katika nchi unakokaa, lakini mtoto wako pia anaweza kuinunua kule kwa jina lako. Mara nyingi ni vizuri afanye hivyo, kwa sababu yuko karibu na kampuni na anaweza kuuliza maswali kwa mdomo.

Lakini angalia. Hesabu ya 30.000 ni ya mtu wa viza. Yeye anatazama kama karatasi iko, na kama hesabu inatosha. Hakuulizi kama karatasi ile inafaa kwa mwili wako. Ndipo wengi tunapotea: tunanunua ya bei ya chini kuliko zote "juu ya viza tu". Mtu wa miaka 25 mwenye afya anaweza kupona na karatasi ya namna ile. Mzee wa miaka 68 mwenye sukari na tansio hawezi. Makampuni mengi yanapandisha bei ama yanafunga mlango kwa umri fulani, na umri ule unaandikwa ndani, si kwenye ukurasa wa kwanza.

Fungua basi kurasa za nyuma, zile za "conditions générales". Tafuta kwanza neno "exclusions". Maana yake ni mambo yote ambayo kampuni haitalipa. Katika karatasi nyingi utakuta pale ugonjwa uliojulikana mbele ya safari, mimba inayokaribia kuzaa, ajali ya mtu aliyelewa, matunzo ambayo yangeweza kungoja mpaka urudi nyumbani. Soma moja moja na ujiulize: hili ni langu?

Ukikuta ugonjwa wako umekatazwa, usikate tamaa haraka. Kuna mapatano yanayokubali kulipa ikiwa ugonjwa wa zamani uliokuwa umetulia unapanda ghafula safarini. Kuna mengine yanayokubali ukilipa zaidi. Huwezi kuyapata ikiwa umeficha. Mama yetu, kama fomu yake ingesema kweli, pengine kampuni ile ingemkataa, na sisi tungetafuta nyingine, ao binti angejua mbele ya wakati kwamba tansio haina ulinzi, na akaamua pamoja na mama yake kama safari ifanyike ama ingoje. Ni vigumu, lakini wangechagua wenyewe. "Non" ya yule kijana iliwanyima kuchagua.

Vijana, ninyi mnaojua kompyuta na mnaowajazia wazazi fomu: msiandike jibu la afya bila kumwuliza mwenye mwili. Uliza hata kama unaona haya. Uliza majina ya dawa zote, uombe hata kuona vidonge. Mwenye kuweka saini ndiye anayebeba uongo, na hapa mwenye saini ni mama yako.

Kisha tafuta neno "franchise". Ni sehemu ya kwanza ya deni ambayo unabakia kulipa wewe mwenyewe. Ikiwa franchise ni euro 100 na hospitali inaomba 90, kampuni haitoi kitu. Tafuta tena "plafond", yaani hesabu ya mwisho ambayo kampuni haiwezi kupita. Pengine plafond ya hospitali ni kubwa, lakini ya meno ama ya sanduku lililopotea ni ndogo sana. Juu ya masanduku sitasema mengi. Nguo zinanunuliwa tena.

Neno "rapatriement" nalo lisome polepole, sababu lina maana mbili. Kwanza ni kumrudisha mgonjwa, pengine pamoja na munganga kando yake, pengine amelala kwenye viti kadhaa vya ndege. Pili ni kurudisha maiti. Najua hatupendi kulitaja katika nyumba ambamo watu wanafurahia safari. Lakini ninyi mmekaa katika vilio ambavyo mwili ulikuwa mbali, na mnajua siku zile zinavyokuwa: maiti kutiwa dawa, sanduku lenye bati la zinki ndani, makaratasi ya serikali mbili, nafasi ya mizigo katika ndege, na huku nyumbani watu wanalala nje wakingoja. Angalia kama karatasi inasema mwili utafikishwa mpaka mji wenu, ama mpaka uwanja wa ndege wa Kinshasa tu. Toka Kinshasa mpaka Kolwezi ni safari nyingine, na bei nyingine.

Kwenye karatasi kuna namba ya simu ya msaada, inayojibu usiku na mchana. Ukiugua, mtu apige namba ile upesi, mbele ya kulipa chochote ikiwezekana. Kampuni nyingi zinakataa kulipa kitu kikubwa walichofanyiwa bila wao kujulishwa. Ikiwa hali ni ya kufa na kupona, kwanza ambilansi, kisha simu. Namba isikae katika sanduku lako peke yake. Mpe anayekupokea, mwachie na mtu mmoja nyumbani, andika katika kikaratasi pamoja na paspoti. Mgonjwa aliyepotewa na maneno hawezi kusema sanduku limefungwa na ufunguo gani.

Na muuzaji ni nani? Katika nchi yetu SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na ARCA ndiyo inayowapa ruhusa na kuwachunga. Kununua kwa mtu mwenye mfuko barabarani ni hatari. Kama umekwisha kununua, chukua namba ya mapatano, uende ama upige simu kwa kampuni yenyewe, uulize: je, namba hii mnaijua? Uliza pia kama watarudisha feza ikiwa viza imekataliwa. Wengine wanarudisha ukionyesha barua ya kukataliwa, wengine hawarudishi.

Sasa neno kwa ninyi wa motokari. Wengi mnaniambia: "Pasta, Zambia ni hapa tu, batu banaenda kila siku na banarudia muzuri." Ni kweli ni hapa tu. Lakini ukipita mpaka wa Kasumbalesa unahama upande wa barabara: sisi tunaendesha kuume, wao kushoto. Dereva aliyechoka, ambaye amengoja nyuma ya malori ya shaba tangu asubuhi, anasahau katika njiapanda ya kwanza.

Asiransi ya motokari yako ya Kongo haitoshi kule. Mnahitaji kadi ya manjano ya COMESA. Mpango huo ulianza mwaka 1987. Unalipia mtu mwingine uliyemwumiza ama mali yake uliyoiharibu, na matunzo ya dereva na watu walio ndani ya motokari yako, kwa kipimo kilichoandikwa. Inaombwa kwa kampuni ya asiransi ya motokari yako, mbele ya kuondoka, na nchi unazokwenda ziwe zimeonyeshwa juu yake. Zambia imo, Zimbabwe imo, Tanzania imo pia ijapokuwa ilitoka katika COMESA. Afrika ya Kusini, Botswana na Namibia hazimo. Ukishuka mpaka Livingstone na kuvuka daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021, uko Botswana, na kadi yako imebaki ng'ambo ya Zambezi.

Tena kadi ile haitengenezi motokari yako mwenyewe. Haimtunzi mtoto aliyeshikwa na malaria katika hoteli. Kwa hayo unahitaji asiransi ya safari ya watu, hata kwa siku nne za Ndola. Baba mmoja alinionyesha kadi ya manjano kwa furaha, nikaona ni ile ya chanjo ya homa ya manjano! Nayo ni ya lazima katika nchi kadhaa, Afrika ya Kusini kwa mfano inaiomba kwa yeyote atokaye kwetu, na tangu mwaka 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote. Lakini polisi wa barabarani ukimwonyesha ile, mtacheka wote wawili, kisha utalipa.

Bei? Sitaandika bei hapa, kwa sababu inabadilika na umri, na siku, na nchi. Nasema tu: katika hesabu ya safari, weka asiransi kando ya tiketi tangu siku ya kwanza, si mwisho, wakati feza imekwisha kwa vitenge na zawadi. Nimeona jamaa wakinunua masanduku mawili mapya na asiransi ya siku 15 kwa safari ya siku 40.

Wale wa kanisa letu wanaosafiri mwezi wa saba ama wa nane, niko ofisini kila Siku ya Pili toka saa nane. Leteni karatasi yote, pamoja na fomu mliyojaza na dawa mnazokunywa. Msiniletee kati ya ibada mbili. Mama wa benchi la pili amekubali kuwa pale pia, na yeye ndiye atakayeuliza maswali ya dawa.